Mkono wa Obadia Semboja

Jumamosi alasiri, wanafunzi wa chuo kimoja binafsi cha ualimu mjini Korogwe walikuwa wakicheza besiboli kwenye kiwanja ambacho nusu yake mkuu wa chuo alikuwa amepanda mihogo. Glovu zilikuwa mbili, na gongo lilichongwa kwa mtiki. Mrushaji alikuwa Obadia Semboja, kijana wa Magoma, aliyejifunza shabaha kwa kuwatupia mawe ngedere waliovamia mahindi ya mama yake, Yuditha. Alirusha. Mpigaji akapiga hewa, na mdakaji akaanguka chali, mpira ukiwa kifuani.

Kando ya mihogo alisimama mgeni kutoka ng'ambo, msaka vipaji. Hakumwuliza Obadia jina. Aliuminya mkono wake wa kulia kama mnunuzi anayekagua mbuzi mnadani, akasema unafaa kwa ligi kuu ya kwao.

Mwalimu Mathias, aliyefundisha hisabati na besiboli, akampeleka Obadia Dar es Salaam kuomba viza. Mtu wa dirishani alitazama kompyuta yake.

"Mkono umepata," akasema kwa upole. "Wewe hujapata."

"Sasa tunafanyaje?" Mathias akauliza.

"Mkono utasafiri. Yeye atabaki."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye mlango wa uwanja wa ndege mkono ulibanduka begani bila damu, kama muhindi uliokauka unavyoachia bua. Kwa kuwa ng'ambo kuna baridi, Obadia alikata mkono wa sweta lake akauvisha. Ukampungia, ukaingia ndani. Yeye akapanda basi kurudi Magoma, na kondakta akamtoza nauli ya mtu mzima.

Yuditha alilitazama bega. "Mmeagana vizuri?"

"Tumeagana, mama."

"Basi njoo ule."

Alimlisha ugali kwa mkono wake, maana Obadia aliona haya kula kwa kushoto mbele ya mzazi. Chuo nacho kilimwondoa, kwa maelezo kwamba mwalimu asiye na mkono wa kuandikia ubaoni ni mzigo kwa taifa. Wiki hiyohiyo kikabandika picha kubwa ya mkono getini.

Mkono ulianzia timu za madaraja ya chini, ukapanda, na mwaka wa pili ukaingia ligi kuu. Obadia alizipata habari zake kabla ya redio. Akiwa anapalilia, alihisi ubaridi wa barafu wanayoukandia baada ya mechi, kisha viganja vya watu. Watu wengi sana walimshika mkono mwaka ule, na hakumwona hata mmoja.

Mkono ulipokuja likizo, mji ulifanya sherehe. Uliketishwa meza kuu, kwenye kiti kilichofunikwa kitenge, na waheshimiwa wakapanga foleni kupiga nao picha. Obadia alizuiwa na mgambo kwenye kamba.

"Kadi ya mwaliko?"

"Ule ni mkono wangu."

"Leo kila mtu anasema hivyo," mgambo akajibu, naye hakukosea. Mshereheshaji alikuwa amemaliza kusema kwamba mkono ule ni wetu sote.

Yuditha alipita, kwa sababu alikuwa miongoni mwa kina mama wa kugawa pilau. Alipofika meza kuu aliweka sahani chini, akaushika mkono kwa viganja viwili. Ulikuwa laini, sugu za jembe zimekwisha.

"Hujambo, mwanangu? Wanakutunza?"

Vidole vikamfumbata taratibu. Kule kwenye kamba Obadia aliinamisha kichwa, akajifuta machozi kwa mkono uliobaki. Mtu wa itifaki akamwomba mama asogee, mgeni rasmi alikuwa anasubiri.

Juma lililofuata Mathias alifika Magoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Alieleza kwamba ng'ambo wanafurahi sana, ila timu imepungukiwa na mrushaji wa kushoto.

"Huu haujui kulenga," Obadia akasema.

"Utafundishwa hukohuko."

Yuditha alimnawisha mgeni, akamtengea ugali na kisamvu. "Kula kwanza, mwalimu. Ukishiba unieleze, siku nikifa, huyu atashika sepetu kwa mkono gani."

Mathias alikula akashiba, akashukuru kwa chakula. Kisha akatoa futikamba mfukoni, na Obadia akanyoosha mkono.