Bibi Tsonka na Kivuko cha Gorna Polyana

Mkuu wa kituo cha polisi alituita redioni saa tano asubuhi, mwezi wa Agosti, jua likichoma lami. Alisema kuna bibi kule kijijini Gorna Polyana anavuka barabara.

"Anavuka, halafu?" aliuliza Sajini Stamen.

"Halafu anarudi. Halafu anavuka tena. Malori ya machimbo yamepanga foleni mpaka darajani. Kamwandikieni faini."

Nilikuwa kwenye usukani, zamu ya siku ya nane bila kupumzika. Sajini alivua kofia, akajifuta jasho, akasema tu, "Haya, twende."

Tulimkuta Bibi Tsonka katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu, kitambaa cheusi kichwani, mkoba mtupu mkononi, akitembea polepole kama anayepima kitambaa. Mwezi wa tatu dada yake aligongwa na lori hapo hapo, na mpaka leo hajainuka kitandani.

"Bibi, shikamoo. Unaenda wapi?"

"Ng'ambo, mwanangu."

"Na ukifika?"

"Narudi."

Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani. "Mkamateni huyo! Tutazeekea hapa!"

"Wewe umeshazeeka, tumbo lako limekutangulia!" bibi alimjibu.

Redio iliita. Mkuu alitaka kujua kama tumeshaandika faini, kwa kosa la kufanya fujo.

"Fujo gani, mkuu? Mwenye kelele ni dereva."

"Basi kukaa barabarani bila sababu. Sheria inasema hivyo."

Sajini alifungua kitabu cha sheria, akasoma kifungu mara mbili, kisha akamshika bibi mkono, akampeleka mpaka kivulini.

"Sikiliza, Bibi. Hapa pameandikwa 'bila sababu'. Ukiniambia unaenda dukani, ukasahau chumvi, ukarudi, ukakumbuka siki, hiyo ni sababu. Mimi naondoka."

"Chumvi ninayo."

"Bibi, nakuomba."

"Stamen, nilimjua mama yako. Sijawahi kumdanganya polisi, nianze leo kwa ajili ya siki? Sababu yangu ni malori. Nikivuka, yanapunguza mwendo. Andika hivyo."

Sajini aliniangalia. Nadhani alitaka niseme neno. Miguu ilikuwa inaniwaka ndani ya buti, na nilichokitaka ni kurudi nyumbani, nile mtindi baridi, nilale. Nikasema, "Amri ni amri, Sajini."

"Basi andika wewe."

Nikaandika. Bibi alikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akarudi kwenye kivuko. Sajini alikwenda kwenye gari letu, akatoa kipima mwendo, akasimama nyuma ya mti wa mlozi. Kila lori lililovuka kivuko na kuongeza mwendo, alilisimamisha mbele. Kufikia saa saba alikuwa ameandikia madereva kumi na mmoja. Redio ikaita tena, safari hii mkuu akipiga kelele kwamba mwenye machimbo amempigia simu yeye mwenyewe.

"Mkuu, si ulisema sheria?" Sajini alijibu, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubishana.

Wiki moja malori yalikwenda taratibu. Wiki ya pili yakarudia mwendo wake. Sajini alihamishiwa chumba cha mafaili, ghorofa ya chini, na nilipomletea kahawa aliniambia huko angalau kuna ubaridi.

Siku hizi natumwa mimi. Nimemwandikia Bibi Tsonka mara mbili. Mara nyingine tatu nilikaa tu garini mpaka akachoka, nikaripoti kwamba sikumkuta. Kifungu ni kile kile, na bibi ni yule yule. Jana konstebo mgeni aliniuliza nafuata kanuni gani. Nikamwambia awashe gari.