Viatu vya Mwenye Gunia

Mimi ndiye niliyemvisha msaliti. Naanza hapo ili nisije nikajificha katikati ya maneno, maana nina ulimi mwepesi na nimeshautumia vibaya.

Kijiji chetu ni Beit Hurran, juu mlimani upande wa Nablus. Iyas alipokuja kupiga filamu ya uasi dhidi ya Waingereza, alinichukua mimi, fundi cherehani, nisimamie mavazi. Yeye ni mtu wa Haifa aliyesomea Ulaya, mwongozaji mwenye jina, mwembamba na mkali. Hakutaka nguo za kukodi.

"Kila nyumba hapa ina sanduku la babu," aliniambia. "Kayafungue masanduku hayo."

Nikapita mlango kwa mlango nikikusanya makoti, mishipi, kanzu na vilemba. Kila kitu nilikishonea kipande cha kitambaa chenye jina la mwenyewe, nisije nikagombana na watu siku ya kurudisha. Viatu ndivyo vilivyonisumbua, kwa sababu mkulima wa mwaka 1938 hakuwa na viatu vya kuwaachia wajukuu. Mwishowe nikafungua sanduku la marehemu mama, nikakuta chini kabisa viatu vya babu yangu mzaa baba, Dhiyab, vimefungwa kwenye shuka pamoja na vidonge vya nondo. Vilikuwa vya ngozi ya rangi mbili, kahawia na nyeupe, na vipande vya chuma visiginoni. Hivyo sikuvitia kitambaa. Vya kwetu vina haja gani ya jina?

Waingereza tuliwapata kijijini humohumo, vijana wetu wenye macho ya buluu, na mama zao walitaniwa mpaka wakachoka.

"Umm Luay, huyu wako baba yake alikuwa na cheo gani?"

"Sajini," akajibu Umm Luay. "Wa kwako ni kuruta, ndiyo maana hana akili."

Siku askari walipoingia nyumbani kuchana magodoro na kumwaga mafuta ya zeituni juu ya dengu, wanawake walisimama nyuma ya kamera wakibishana kwamba yamwagwe ya mwaka juzi, ya mwaka huu ni dhambi. Tulicheka sana siku zile. Nataka hilo lijulikane pia.

Kisha ikaja zamu ya kuigiza siku ya gunia. Kila mtoto wa kwetu anaijua habari hiyo. Waingereza waliwakusanya watu kwenye uwanja wa kupuria ngano, wakamleta mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, wanaume wakapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Aliyemwinamishia kichwa alichukuliwa. Watano walipigwa risasi nyuma ya kinu cha mafuta, na mmoja wao alikuwa baba yake Bi Wadha. Bi Wadha yu hai mpaka leo, miaka karibu tisini. Wakati ule alikuwa na saba, amelazwa kifudifudi na watoto wenzake pembeni mwa uwanja. Mwenye gunia hakujulikana kamwe.

Babu yangu alipigwa na Waingereza siku hiyo akapona. Picha yake ipo sebuleni kwetu, na wageni hupewa kahawa chini yake.

Mwigizaji wa gunia alitoka Ramallah, kijana mdogo wa umbo. Viatu vya babu vilimkaa kama vya kupimiwa. Iyas alipoviona akaishusha kamera mpaka chini, usawa wa macho ya mtoto aliyelala, akapiga picha ya viatu tu vikipita kwenye mawe. Tak, tak, tak. Vinasimama. Kisigino kinainuka kidogo, ukajua kule juu kichwa kimeinama.

"Hii," akasema Iyas. "Hii ndiyo filamu yangu."

Jioni ile nilimwonyesha baba picha hiyo kwenye simu, kwa majivuno kabisa. Akaitazama, akakaa kwenye ngazi.

"Viatu hivyo umevitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la mama."

"Na aliyevaa ni nani?"

"Mwenye gunia, baba."

Akasema kwa sauti ndogo, akiutazama mlango. "Babu yako alivinunua Yafa wiki moja kabla. Mkulima wa dengu, viatu vya rangi mbili. Bibi yako akamwuliza kulikoni, akapigwa kofi. Siku ile aliondoka navyo asubuhi, akarudi navyo, hakuvivaa tena. Bibi yako aliniambia akiwa kitandani anakufa."

"Na kile kipigo cha Waingereza?"

"Walimpiga ili aonekane kapigwa. Usiniulize zaidi."

Nilimchukia babu usiku uleule, na asubuhi nikamchukia baba kwa kuniambia. Maana mdogo wangu Awni alikuwa amemchumbia Maysun, mjukuu wa Bi Wadha, na mapenzi yao kijiji kizima kiliyajua.

Nilimfuata Iyas mpaka Ramallah alikokuwa akiunganisha filamu. Nikamwomba aikate picha ya viatu. Sikuweza kusema kwa nini, nikadanganya kwamba vile vyuma vya visigino si vya enzi hizo.

"Rudayna," akasema, "nikiitoa hiyo, watu watakwenda kununua bisi. Nenda nyumbani."

Filamu ikatoka. Ikazunguka nchi za watu, wakasimama na kuipigia makofi, Iyas akapewa vikombe. Kwetu ilichelewa kufika. Mara mbili jeshi lilifunga njia ya kijiji, na mara ya tatu Iyas akaacha gari akapita mashambani kwa miguu, filamu mfukoni. Wakati huo Awni na Maysun walikuwa wameshafungishwa ndoa na shehe, imebaki sherehe ya Ijumaa ili bibi harusi aje kwetu. Filamu ikaonyeshwa Jumamosi adhuhuri katika ukumbi uleule wa harusi, madirisha yamefunikwa mapazia meusi.

Watu walicheka walipojiona. Walimzomea Luay, Mwingereza wetu, katika sare zake za kijeshi. Kisha uwanja wa kupuria ukatokea. Tak, tak, tak.

"Washeni taa," akasema Bi Wadha.

Hakuna aliyembishia. Taa zikawaka, akasimama kwa kushikwa mkono na Maysun.

"Viatu hivyo si vya kuigiza," akasema. "Vilipita hapa." Akaweka kiganja mbele ya uso wake. "Nimeviona kila siku ya maisha yangu. Rudayna, wewe ndiye uliyekusanya vitu. Hivyo vimetoka nyumba gani?"

Baba alikuwa safu ya pili, mikono juu ya magoti. Awni alikuwa kando yake, nywele amekata jana. Nilikuwa na pumzi mbili tatu za kufikiri, na nilifikiri vizuri, Mungu anisamehe. Ningeitaja nyumba yenye ukoo, wazee wa ukoo ule wangekuja kabla jua halijazama na wapatanishi wao, na kila sanduku lingefunguliwa. Nilihitaji nyumba isiyo na mtu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Ami Fawwaz, ami wa heshima tu, si wa damu, alikuwa akitafuna mbegu za tikiti. Baba yake alikuja Beit Hurran kufanya kazi kwenye kinu miaka themanini na kitu iliyopita, na bado tunawaita wageni. Hana kaka, hana mtoto.

"Kwa Ami Fawwaz," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Mimi? Mimi nilileta koti, binti yangu. Koti la kahawia. Ulilishonea jina langu wewe mwenyewe."

"Na viatu, ami. Umesahau tu, ni umri."

Nikamtabasamia.

Bi Wadha alimtazama Fawwaz, kisha akanigeukia, akanitazama muda mrefu zaidi.

"Kumbe," akasema, akakaa.

Neno hilo likawatosha. Mtu akatema mate. Mwingine akamwuliza Fawwaz mbona bado amekaa. Akainuka, ganda la mbegu limemganda mdomoni, akatoka, na Iyas akamrekodi kwa simu tangu kitini mpaka mlangoni. Baadaye aliniambia kwamba katika miji yote aliyozunguka hakuwahi kupata onyesho kama lile.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Sisi tulitimiza nusu ya kwanza. Jumapili madirisha ya Fawwaz yalivunjwa. Jumatatu mwoka mikate alimwambia mikate imekwisha, na mikate ilikuwa imepangwa nyuma yake inafuka moshi. Mlimau wake ulikatwa. Msikitini watu walimwachia nafasi kulia na kushoto kana kwamba ana ukoma.

Jumanne alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunipiga, na ningemwacha anipige.

"Nipe viatu vya baba yangu," akasema.

Nikamletea. Akakaa kizingitini, akavua ndala, akajaribu kuingiza mguu. Vidole viliingia, basi. Akasukuma kwa nguvu mpaka ngozi ya kisigino ikachubuka. Mguu wa Fawwaz ni kama kafi, na viatu vile vilikuwa vidogo, vya mguu wa kwetu. Awni angevivaa bila kuinama.

"Mguu huu ni wa baba," akasema. "Yeye hakuwahi kumiliki viatu, Rudayna. Alitembea peku kinuni mpaka siku tuliyomzika. Nyayo zilikuwa zimepasuka, unaweza kuingiza kidole. Wazee wote wanajua." Akavaa ndala zake. "Hata Wadha anajua. Mama yake ndiye aliyekuwa akimpa mafuta ya kupaka."

"Mbona hukusema ukumbini?"

"Ningemwambia nani?"

Akaviacha viatu kizingitini. Kesho yake alifunga nyumba akaenda kwa dada yake Zarqa, ng'ambo ya mto. Alipanda gari na begi moja na lile koti la kahawia.

Alhamisi Bi Wadha akaniita. Nimkute peke yake, na nije na viatu. Nilikwenda nimejitayarisha kuanguka miguuni pake. Alikuwa kitandani, shuka limemfika kifuani.

"Aliyembeba baba yangu kutoka nyuma ya kinu," akasema, "ni baba yake Fawwaz. Wanaume wenye viatu walikuwa wameingia ndani wakafunga milango. Yeye alimweka mgongoni akamleta mpaka kwa mama, peku, na nyayo zake zilibaki sakafuni mwetu kwa damu. Mama alikataa kuzifuta siku arobaini."

"Bibi, basi ulijua."

"Nilijua ulipotabasamu. Dhiyab alikuwa na tabasamu hilohilo."

"Nitakuomba radhi mbele ya watu. Nitasema kesho, nitamrudisha Ami Fawwaz."

"Utasema nini? Ndoa imeshafungwa. Ukisema, kaka zake Maysun watamlazimisha Awni atoe talaka kabla ya adhuhuri, naye Maysun atakuwa mtalaka wa mtu ambaye hajalala naye. Nani atamchukua? Niliuza damu ya baba yangu pale ukumbini kwa neno moja, na Fawwaz juu yake. Sitakubali urudishe mali iliyokwisha liwa. Weka viatu hapo chini."

Nikaviweka.

"Mwambie baba yako nakuja kwenye harusi. Nitakula."

Akaja, akala. Wali, nyama ya kondoo kwa mtindi, akaomba aongezewe. Baba hakugusa chake.

Sasa ni sikukuu ya nne tangu siku ile. Asubuhi ya Idi tunakwenda wote kumbusu mkono Bi Wadha, baba, mimi, Awni na Maysun na mtoto wao. Mlangoni wageni huvua viatu. Vile vya rangi mbili vimewekwa pale mwanzo kabisa, vimepigwa rangi vinang'aa. Majirani wanasema anaviweka ili kila mgeni amlaani Fawwaz akiingia, nao humlaani kweli. Mwaka huu mtoto wa Awni amejifunza kutembea. Aliviingia viatu vile akapiga hatua mbili kwenye mawe, tak, tak, na Bi Wadha akamwita kutoka ndani, "Njoo navyo, Dhiyab, njoo hapa nikuone."