Viti Kumi na Kimoja vya Mbele

Jumatatu, saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta kubwa za chuo kikuu alikuwa akimwaga ndoo ya maji ya kiyoyozi wakati shangazi yake alipotoka kwenye waya. Alitoka na mkoba na kandambili zake, akajipangusa vumbi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe huku kuna joto zuri! Magoti yamenyamaza."

Tangu waya ule ufungwe kutoka hospitalini, vipimo vya wagonjwa wa figo vilikuja kila asubuhi kwa kasi hata wenyewe wakaja navyo, jioni wakarudi. Miili yao ilibaki wodini vilevile imelala, na wauguzi hawakuwa na la kulalamikia. Kompyuta ilitakiwa ikokotoe kila mmoja figo zake zingevumilia dawa ipi. Shangazi, aliyemlea fundi tangu akinyonya, alikuwa akingoja hesabu hiyo ndipo aanze tiba.

Fundi alimpeleka nyuma ya mitambo, kunakotoka hewa ya moto. Viti vilipangwa kwa foleni ya kompyuta, kila kazi na kiti chake. Shangazi alipata cha kumi na tano. Kumi na kimoja vya mbele vilikuwa vitupu.

"Na wale wa mbele wameenda wapi?"

"Hawapo. Ni vya mkurugenzi."

Mkurugenzi wa kituo cha kompyuta hakupenda kungoja. Kila Jumatatu alituma kazi kumi na moja zisizo na hesabu wala mgonjwa, zimshikie mitambo wiki nzima, kama mtu anayeacha kiatu kwenye foleni ya maji. Tangu waya ufungwe, hakuwa amepita mgonjwa hata mmoja.

"Aliye juu mngojee chini," alisema mshonaji nguo mstaafu wa kiti cha kumi na mbili, na wote wakacheka.

Fundi alikwenda kwa mkurugenzi. "Mzee, tukizifuta zile tupu, wagonjwa wanapita leo hii."

"Nami nikipata kazi ya ghafla?"

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alishuka, akawasalimia mmoja mmoja, akawasifia waya kwamba kufumba na kufumbua mtu amefika. Mchana akawaletea mito ya kukalia. Wagonjwa waliifurahia sana. Fundi aliumia moyo, kisha akawachemshia chai.

Jumatatu ya tatu mshonaji hakutoka kwenye waya. Fundi alingoja hadi saa sita, akapiga simu wodini, akafuta faili la kiti cha kumi na mbili. Watu wakainuka na mito yao.

Shangazi alijiweka kwenye kiti cha kumi na nne, akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Sikukwambia? Subira huvuta heri. Leo tumesogea."

"Ndiyo, shangazi," alisema fundi, akamsogezea mkoba. Kisha akachukua kitambaa akavipangusa vile viti kumi na kimoja vya mbele, kwa kuwa vilikuwa vimeshika vumbi.