Jina Alilolitaja Eilert

Wajerumani walikuwa wameshashindwa vita, na kila baharia alilijua hilo. Kwa hiyo mwisho wa Oktoba 1918, amri ilipotoka kwamba manowari ziende zikapigane na Waingereza mara moja ya mwisho, watia makaa wa meli aliyokuwamo Eilert Boysen walimwaga maji kwenye tanuri, moto ukazimika. Eilert naye alimwaga ndoo yake.

Kesho yake ofisa alimwita peke yake. Hakumpiga wala hakumkaripia. Alimwekea mezani pasi ya likizo.

"Mkeo anajifungua mwezi huu, sivyo? Nitajie mmoja tu, yule aliyeanza."

"Pohlmann," Eilert akasema.

Meli ilipofika bandari ya Kiel, Gustav Pohlmann alishushwa na pingu mikononi. Ile pasi haikumfaa Eilert kitu, maana likizo zote zilifutwa siku hiyohiyo.

Jumapili mabaharia waliandamana kwenda gerezani kuwadai wenzao. Eilert alijitia mgonjwa. Momme Ketelsen, aliyelala kitanda cha juu yake, akamvuta blanketi.

"Amka, mvivu wee. Ungekuwa wewe umefungwa, Gustav angekuja."

"Tumbo linanisokota."

"Haya, lala na tumbo lako."

Momme akaenda. Njiani askari wa doria waliwafyatulia risasi waandamanaji, naye akafa.

Siku mbili baadaye mji ulikuwa mikononi mwa mabaharia, bendera nyekundu zikipepea melini, na Pohlmann yuko huru. Alimkumbatia Eilert mbele ya watu, akampendekeza kwenye baraza la askari. Mikono ikanyooshwa. Eilert akafungwa mkononi kitambaa chekundu cha wajumbe.

Jumatatu iliyofuata habari zikafika: Kaisari amekimbilia Uholanzi, na mapigano yanasimamishwa saa tano asubuhi. Hakuna aliyeshangilia sana. Eilert alimfuata Pohlmann ghalani, akamweleza yote huku akiangalia sakafu.

Pohlmann alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi niko hai, Eilert. Wa kumwambia ni mama yake Momme."

Akamfungua kile kitambaa, kisha akampa mkoba wa marehemu.

Mama Ketelsen aliishi mji wa Husum. Alimtilia Eilert supu ya tanipu, akaanza kutoa nguo za mwanawe mkobani, mojamoja, akizinusa.

"Mlikuwa marafiki?"

"Tulilala kitanda cha juu na cha chini, mama."

"Basi kula, mwanangu. Umetoka mbali."

Maneno ya kukiri alikuwa ameyapanga tangu kwenye treni. Alikula supu akaimaliza, akaongezewa, akala tena. Mama alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Treni ya kurudi ilichelewa saa nzima. Kutoka stesheni hadi kwa yule mama ni mwendo wa dakika kumi. Eilert alibaki ameketi kwenye benchi, uso unamwaka, mpaka treni ikafika, akapanda.