Moshi Uliomkwepa Letisia

Kwaru, kwaru, kwaru. Alfajiri, nyumba ikiwa bado giza, Efrazia alikuwa akisugua kibuyu kwa ndani na kijiti chenye moto, ili maziwa yakae bila kuharibika na yapate harufu ya moshi. Chumba cha pili binti yake Letisia alikuwa amelala, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukikata kitunguu ambacho hakikuwepo, vipande vyote sawa.

Tangu aanze masomo ya jioni ya upishi pale Katesh, Letisia alionja mboga kwa vijiko viwili, kimoja cha kuchotea, kingine cha mdomoni. Alifuta ukingo wa kila sahani. Alibandika tarehe kwenye kopo la chumvi. Watu wa kijijini kwao, Nangwa, walimtania, wakija kula kwake wananyoosha mikono wakaguliwe kucha, naye alizikagua kweli. Mwalimu wake, Severine, aliwafundisha kwamba mpishi ananuka sabuni, basi.

Jumamosi Severine alikuja kwa pikipiki kukagua majiko ya nyumbani ya wanafunzi wake. Kulikuwa na nafasi moja ya kazi, kwenye hoteli mpya mjini. Letisia alikuwa ameiombea nafasi ile mpaka kanisani, maana mtoto wake Eva, wa miaka minne, hakuwa na mwingine wa kumtegemea.

Efrazia akatoka jikoni na kibuyu, shuka begani, majivu mpaka kwenye kope. Akammiminia mgeni maziwa. Juu yake vikaelea vidoa vyeusi vya mkaa, kama inavyotakiwa. Mwalimu akavitazama sana, halafu akauliza huyu mama ni nani. Letisia, Eva akiwa pembeni yake, akajibu kwamba ni jirani tu, huwa anakuja kuwaoshea vyombo.

Efrazia alikiweka kibuyu chini. Alikusanya vyombo, akaviosha.

Moshi uliokuwa ukitoka mlangoni mwa jiko ulimfikia Letisia, ukagawanyika, ukapita kushoto na kulia kwake, ukaungana tena nyuma. Mwalimu akasema kwa mpishi hiyo ni faida, akaiandika kwenye karatasi yake.

Toka siku ile moshi haukumgusa. Jirani mmoja mwenye pumu alianza kuja na kigoda chake kila jioni, akaketi karibu naye apumue vizuri. Shida ilikuwa kibuyu. Letisia akikisugua mwenyewe, kijiti kiliwaka vizuri, lakini ndani kibuyu kilibaki cheupe, na hadi mchana maziwa yalikuwa yameharibika. Eva aliyakataa. Ikabidi Letisia akipeleke kwa mama yake.

"Shikamoo mama. Naomba unisugulie."

"Marahaba. Weka hapo, dada."

Hilo la dada alilisema bila ukali, kama msaidizi anavyomjibu mwenye nyumba. Letisia alikuwa na maneno ya kumwambia. Alikuwa ameyapanga toka asubuhi, kama walivyofundishwa kupanga viungo kabla ya kuwasha moto, kila kimoja na bakuli lake. Alipofungua mdomo aliona tone kwenye ukingo wa kibuyu. Akalifuta. Halafu akasema asante, akarudi chumbani.

Jumatano jioni Efrazia aliketi jikoni, Eva magotini pake akinywa maziwa, moshi ukiwafunika wote wawili. Letisia alisimama mlangoni, peke yake kwenye hewa safi. Pikipiki ya Severine ikasikika ikipanda kilima. Alikuwa ameshapiga simu kusema analeta barua ya kazi.

Letisia alifunga upya kitambaa cha kichwa. Alimtazama mama yake, na mama yake akamtazama, akingoja. Pikipiki ikazimwa uani. Letisia akainamisha macho.

Eva akashuka magotini, akajifuta mdomo, akamrudishia bibi yake kikombe.

"Bibi, mgeni amefika, sasa usiwe bibi."