Uzi wa Sita

Nimeshona nguo miaka thelathini na nane, na mpaka natimiza sitini na mbili nilijiona mtu anayejua kila kinachoitwa uzi. Kisha nikashika gitaa la mume wangu, na mwalimu akaniambia niweke kidole kwenye uzi wa pili na nibonyeze. Nikabonyeza, ukanikata.

Watoto walicheka. Nilikuwa nasoma na watoto wa miaka tisa na kumi, kwenye chumba kilicho juu ya duka la magodoro, na siku ya tatu tu walikuwa wameshanibandika jina la Bibi Plasta, kwa ajili ya vile vidole vinne nilivyovifunga. Jambo hilo lilinishangaza kuliko lilivyonikera. Vidole vyangu vya kulia vina sugu ya mkasi ya kutosha kusugulia sufuria. Vya kushoto, kumbe, vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, kwa kuwa maisha yao yote vilikuwa vikisukuma kitambaa tu. Nikawa navitazama nikiwa kwenye foleni ya maji, navibonyeza kwa kucha kuona kama vimekomaa. Jirani akaniuliza kama nina fangasi.

Sikwenda kwa mwalimu kutafuta starehe. Mume wangu, fundi baiskeli, alipata kiharusi mwanzoni mwa mwaka. Upande wa kushoto ukalala, na maneno yakamwisha yote likabaki moja: "Siyo." Uji, siyo. Dirisha nifungue, siyo. Binti wa mazoezi alikuja kila Jumanne na Ijumaa, akambembeleza ajaribu kusukuma mguu, akanieleza mimi kwamba mguu usipofanyishwa kazi utaisahau kazi yenyewe. Mzee akawa akimwona tu anageukia ukutani. Baadaye akageukia ukutani hata binti asipokuwepo. Mimi nilichotaka ni kimoja: ageuke. Binti akaniuliza alikuwa akipenda nini. Nikamwambia gitaa. Akasema basi alisikie.

Kwa miaka thelathini mzee alikuwa na wimbo mmoja. Hauna jina, hauna maneno. Alikuwa akifunga banda lake jioni, ananawa grisi, anakaa kwenye kigoda kando ya cherehani yangu na kuupiga huku nikimalizia nguo za watu. Kichwani nilikuwa nao mzima, hata mahali anapokohoa. Nikamwimbia mwalimu, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, naye akautafuta kwenye nyuzi akaupata. Alinionyesha kwamba unataka kodi tatu tu, ndivyo wanavyoita nyuzi kadhaa zinazobonyezwa zikalia pamoja. Nikamwambia nimelipa kodi tangu ujana, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zinapigwa pia. Alicheka mpaka akavua miwani.

Miezi mitano ikaenda. Kodi ya kwanza ilinichukua wiki tatu, ya tatu ilinichukua mwezi na nusu, na kidole changu cha mwisho kiligoma kama punda. Lakini siku moja mchana wimbo ukatoka, kuanzia mwanzo hadi kikohozi. Nikaenda nao mbio nyumbani, nikakaa kitandani miguuni pa mzee, nikapiga.

"Siyo," akasema kwa ukuta.

Niliumia, sitaficha. Halafu nikaanza kujiuliza: siyo nini? Maana hakusema kama anavyosema kwa uji. Alisema kama mteja aliyevaa gauni na kuhisi kuna mahali linambana asipaone. Na gauni likikataa kukaa hufumui lote. Unafumua mshono mmoja mmoja mpaka umjue mkosaji. Kesho yake nikapiga polepole. Siyo. Nikapiga kwa dole gumba peke yake, kama alivyokuwa akifanya yeye. Siyo. Nikaleta kile kigoda chake nikakikalia. Akanyamaza kidogo, nikajua nimesogea karibu, kisha akasema siyo.

Nikamrudia mwalimu nimenuna. Nikamwambia nimefika mwisho, nimebaki kupiga kelele kwenye nyumba ya mgonjwa. Alikuwa anawapanga watoto mstari, akanishika bega mara moja.

"Wewe kaza uzi, mama. Kaza uzi tu."

Mtu mwingine yeyote angeelewa kwamba nimeambiwa nisikate tamaa. Nami ndivyo ningeelewa kama ningeambiwa sokoni. Lakini niliambiwa darasani, nikiwa na nyuzi sita mapajani, na kwa mtu wa cherehani uzi ukilegea mshono wote unakwenda upande. Nikaona hiyo ndiyo dawa. Tena alisema uzi, hakusema nyuzi, kwa hiyo ni mmoja. Nikaupima kila mmoja kwa kidole, nikaushuku ule mwembamba kuliko zote, kwa sababu uzi mwembamba ndio unaoharibu kazi siku zote. Nikafika nyumbani, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuukaza. Nikaukaza kidogo, nikausikiliza. Nikaukaza tena. Ukalia kama mbu. Nikasema mwalimu kasema.

Ukakatika. Ukanichapa shavuni nikaruka na kigoda.

Nilikuwa na hasira na mwalimu, na gitaa, na mgongo wa mume wangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nikapiga wimbo hivyo hivyo, kwa nyuzi tano, kwa nguvu, basi tu.

Kitanda kikalia. Mzee alikuwa amegeuza kichwa. Alinitazama mikono, si uso, na hakusema siyo. Alinyanyua kidevu kuelekea kwenye kona, akakunja mdomo, akahangaika nao, na neno likatoka, jipya kabisa.

"Uzi."

Miezi saba sikuwa nimesikia neno la pili kinywani mwake. Nikamletea uzi. Nilileta mweupe, mweusi, wa jinzi, nikamwekea na kopo zima kifuani. Siyo. Nikamletea shati lake lililotoka kifungo. Siyo, siyo, na kidevu kile kile kwenye kona. Lakini alikuwa hatazami tena ukutani, na kwa ajili hiyo ningemletea hata duka.

Nikampigia mwalimu simu kukiri kwamba nimekata uzi wake. Alipoelewa nilivyoelewa, aliniomba radhi. Kisha akasema nisijali, ule uzi wala haukuwepo tangu mwanzo. Siku ya kwanza nilipomletea gitaa lilikuwa na nyuzi tano zenye kutu. Yeye akadhani wa sita ulikatika, akafunga zote mpya.

"Na ule wa sita sijaona hata alama yake, mama. Kigingi chake cha kukazia kilikuwa kikavu. Nadhani haukufungwa miaka mingi."

Nikakaa chini. Mimi najua gauni la kila jirani lina vifungo vingapi na vingapi vimetoka. Gitaa lililopigwa pembeni ya sikio langu miaka thelathini sikujua lina nyuzi ngapi. Niliona aibu. Lakini udadisi ukanizidi aibu: kwa nini mtu autoe uzi mmoja, tena ule mwembamba, wa sauti ya juu, na asiurudishe?

Nikatazama alikokuwa akielekeza kidevu. Kwenye kona ipo cherehani yangu ya zamani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Tangu augue nilikuwa nashonea ya umeme, ya zamani nimeifunika kitambaa na kuweka dawa zake juu. Nami nilikuwa na kinyongo cha siku nyingi kuhusu cherehani hiyo. Mume wangu alitia mafuta kila mnyororo wa baiskeli mtaani, kila bawaba ya mlango wetu, hata mkokoteni wa muuza maji. Cherehani ya mkewe ikabaki inalia mwiii, mwiii, miaka nenda miaka rudi. Kila nikichukua kopo la mafuta ananinyang'anya na kusema kesho. Nilimwita mvivu mbele ya watu.

Nikaondoa dawa. Nikavua kitambaa, nikazungusha gurudumu, nikakanyaga mara moja.

Mwiii, ikasema. Ilikuwa sauti ile ile ya uzi niliokata, kabla sijaukaza.

Nilipogeuka, mzee alikuwa anacheka kwa nusu ya uso aliyobaki nayo. Mimi nililia kwa wote wawili. Miaka yote ile nilidhani anapiga, nami niko kando nafanya kazi zangu. Kumbe alinitolea uzi wake mmoja ili niingie.

Nikashika gitaa nipige. Hapo nikakwama, kwa sababu sina miguu ya kukanyaga huko na mikono ya kupiga huku kwa pamoja. Nilijaribu, ikawa fujo tupu. Mzee akasema siyo. Akapiga godoro kwa mkono wa kulia, akanyoosha mkono huo kwangu.

Nilimvuta, nikambeba nusu, nikamburura nusu, mpaka kwenye kiti cha cherehani. Nikamwekea mguu wa kulia kwenye kikanyagio. Wa kushoto akauinua mwenyewe kwa mkono, kama anayehamisha mzigo, akaulaza kando ya mwenzake. Akazungusha gurudumu. Kikanyagio kikashuka, kikapanda, na mguu uliolala ukashuka na kupanda nacho.

Binti wa mazoezi alikuja Ijumaa akatukuta hapo, cherehani ikienda bila uzi hata mmoja, na mimi nimekosea kodi ya tatu. Akasimama mlangoni akaangalia ile miguu. Akauliza kama anaweza kututilia mafuta kwenye hiyo mashine, maana inapiga kelele.

"Kesho," akasema mume wangu.