Wote Hurudishwa Majini

Kila siku saa mbili asubuhi Mama Pacha aliufuta ubao wa gatini kwa kitambaa chenye maji, kisha akaandika upya kwa chaki burudani za wageni: voliboli ya ufukweni, kupiga mbizi, mitumbwi ya plastiki, kuota jua (hiyo haikuwa na saa maalumu), na uvuvi wa ndoano katika maeneo manne. Eneo namba moja lilikuwa la watoto na wenye haraka. La pili lilikuwa na mkondo, lilitaka mikono yenye nguvu. La tatu liliwafaa wanaopenda picha kuliko samaki. La nne, hatua chache tu kutoka kichwani mwa gati, lilikuwa na kina kirefu na maji ya kijani kibichi. Hapo ndipo boti ya wafanyakazi ilipozama mwaka uliopita ikiwa na watu kumi na mmoja.

Kazi yake ilikuwa kupima. Mgeni akivua, yeye alimlaza samaki kwenye turubai, akaitundika kwenye mizani, akasubiri mshale utulie, akasoma kilo. Mgeni akapigwa picha, samaki akarudishwa. Ndiyo kanuni ya hoteli, imeandikwa kwa rangi nyekundu: wote hurudishwa majini, isipokuwa aliyemeza ndoano hadi ikapita koo. Huyo hawezi kuishi, kwa hiyo hubaki nchi kavu.

Alhamisi moja, mgeni mnene ambaye kwao alikuwa daktari wa meno alimvua mume wa Mama Pacha katika eneo namba nne.

Mume alipanda ngazi ya gati mwenyewe, taratibu, ndoano imemshika mdomo wa chini. Alikuwa na sare yake ya dobi, vifungo vyote vimefungwa. Maji yalimtoka bila kukoma, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Hamjambo," alisema kwa shida.

"Hatujambo, kaka," alijibu Kasia, mwendesha boti ya wageni. "Usiongee, utachanika."

Daktari wa meno aliitoa ndoano kwa vidole viwili. Halikutoka hata tone la damu. "Meno mazuri," alisema, akaomba apimiwe.

Kilo hamsini na mbili. Siku aliyoondoka nyumbani alikuwa na sabini.

"Umekonda, Baba Pacha," alisema Mama Pacha.

"Huko chini hakuna kula. Watoto je?"

"Wameota meno ya mbele. Wanang'ata kila kitu, hadi ufagio."

Picha ikapigwa, daktari ameinua dole gumba. Kasia akakohoa, kwa maana kanuni ni kanuni, na Baba Pacha akashuka ngazi kama alivyopanda, mpaka maji yakamfunika utosi.

Ilivyokuwa ni hivi. Boti ile ilikuwa ya watu sita. Maboya ya kuvaa yalikuwepo, mapya kabisa, lakini yalifungiwa stoo kwa ajili ya wageni na ufunguo alikaa nao meneja. Boti ilipozama, hoteli iliandika kwamba watu kumi na mmoja wameacha kazi bila taarifa. Mama Pacha alipokwenda ofisini kuuliza, aliambiwa kwa upole, "Mama, mtu aliyeacha kazi tutamwandikaje kuwa amekufa?" Akarudi nyumbani. Hakutaka vita na mtu. Alitaka kaburi tu, mahali pa kupiga magoti, ambapo watoto wangeonyesha kwa kidole na kusema baba yetu yule pale.

Kwa hiyo Alhamisi ya pili, mumewe alipovuliwa tena, alimwinamia kwenye turubai kana kwamba anamfuta uso.

"Wiki ijayo usishike kwa mdomo. Meza."

"Itauma."

"Utazikwa."

Baba Pacha alifikiri. "Basi nitameza," alisema.

Alhamisi ya tatu alimeza. Daktari wa meno, aliyekuwa ameongeza siku zake hotelini, alimmulika kinywani kwa tochi ya simu. "Imepita koo," alisema. "Naona kamba tu." Kasia akavua kofia. Nyumbani, shemeji yake Mama Pacha alikuwa ameshachimba kaburi tangu alfajiri. Ilibaki meneja aidhinishe.

Meneja alikuja na shuka begani, kwa sababu hoteli ilikuwa haijapata dobi mwingine.

"Kanuni inamhusu asiyeweza kuishi," alisema. "Huyu anaongea."

"Nimeongea nini?" aliuliza Baba Pacha.

"Mnamsikia?"

"Baba Pacha," alisema mkewe, "nyamaza."

Akanyamaza. Akafumba macho, akakunja mikono kifuani. Alikuwa maiti mzuri, hata Kasia alikiri. Meneja alimwita mara tatu, hakuitika. Akamtekenya unyayo kwa kalamu, hakutikisika. Mama Pacha alianza sala ya maziko kwa kusogeza midomo tu. Zikapita dakika kumi. Meneja akatazama saa yake, kisha akaikunjua ile shuka juani.

"Hii ni ya chumba namba saba," alisema, kama anayejisemea. "Divai. Wameichemsha mara mbili, wapi."

Jicho moja la Baba Pacha likafunguka.

"Mmeichemsha?" Akaketi. "Nani kachemsha? Divai haichemshwi jamani! Chumvi na maji ya baridi, usugue kwa upande wa nyuma!"

Maji yalisikika yakigonga nguzo za gati.

"Anaongea," alisema meneja, akakunja shuka yake vizuri.

Mama Pacha akachukua kisu cha kukatia kamba.

"Nisamehe," alisema mumewe. "Nimeliona lile doa."

"Najua, Baba Pacha."

Akakata kamba. Mumewe akashuka ngazi, ndoano tumboni. Jioni shemeji alilifukia lile shimo bila kuuliza kitu.

Doa lilitoka. Siku hizi eneo namba nne huandikwa la kwanza ubaoni, na mgeni huomba nafasi wiki mbili kabla. Wale wengine kumi nao wameanza kushika ndoano, mpishi, mtunza bustani, wasichana wa vyumbani. Hupimwa, hupigwa picha, hurudishwa. Maboya yako stoo. Dobi hajaajiriwa, kwa maana kila Alhamisi meneja huteremka gatini na kapu la nguo chafu.

Baba Pacha hujitahidi. Hubana midomo hadi mashavu yakavimba. Lakini akiona kutu kwenye foronya nyeupe, hujibu.

Mama Pacha haombi tena kitu ofisini. Amegundua kwamba maji yasiyokoma huufanya mshale wa mizani uchelewe kutulia, na katika muda huo yeye husali sala ya maziko, akianzia pale alipoishia wiki iliyopita. Ameshavuka nusu. Mumewe sasa ana kilo thelathini na moja.

"Damu," anasema meneja, akiinua taulo.

"Maji ya baridi," anajibu Baba Pacha. "Na msiharakishe."

Mshale unakaribia kutulia. Mama Pacha anasali haraka haraka.